Kihenge Kilichoharibu Wastani

Kazi yangu ya ujanani ilikuwa kuhesabu punje. Unafika kwa mkulima, Kishapu au Kahama, unapiga hodi, unasalimia wakubwa, unaomba mahindi machache yakiwa bado kwenye magunzi. Unapukuchua, unachukua punje elfu moja na kuzitenga: nzima huku, zilizotobolewa kule. Kila fungu unalihesabu na kulipima kwa mizani ndogo, kisha unakokotoa ni asilimia ngapi ya uzito imepotelea ghalani. Wazee walinitazama kwa huruma. Mtu mzima, kasomeshwa na serikali, amekaa kwenye kigoda cha watu anacheza bao na mahindi yao.

Kuhesabu huko kulikuwa na sababu. Mwaka 1975 Umoja wa Mataifa uliazimia kwamba hasara ya chakula baada ya mavuno ipunguzwe kwa nusu ifikapo 1985. Azimio zuri, ila nusu ya nini? Siku hizo kila mwenye kipaza sauti alikuwa na tarakimu yake, na wengi walitaja theluthi ya mavuno. Waliokwenda vijijini na mizani, katika nchi kadhaa za Afrika, wakakuta hasara ya kawaida katika ghala la mkulima ni asilimia 2 hadi 5 kwa msimu. Kihenge cha fito zilizosukwa, kikasiribwa udongo, kikainuliwa juu ya mawe na kufunikwa paa la nyasi, hakikuwa kibovu kama kilivyosemwa na watu ambao hawajawahi kuingiza mkono ndani yake.

Theluthi ilitoka wapi basi? Mara nyingi ilitoka kwenye mwezi wa mwisho. Mkulima hali mahindi yake kwa siku moja. Anachota debe leo, debe wiki ijayo. Ukifika kiangazi kimekolea ukapima masalia chini ya kihenge, utakuta yameliwa vibaya sana, lakini masalia hayo ni sehemu ndogo ya alichovuna. Debe lililoliwa na familia mwezi wa kwanza halikuwa na tundu hata moja. Nalo lazima liingie kwenye hesabu.

Kwa hiyo tulifundishwa kuitilia shaka tarakimu kubwa, na sikatai kwamba lilikuwa fundisho sahihi. Shida ni kwamba mara baada ya hapo akaja dumuzi.

Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Hapa kwetu alitambuliwa mkoani Tabora na taarifa zake zikachapishwa mwaka 1981. Wengi wanaamini aliletwa na mahindi kutoka nje. Ni mdudu mdogo, urefu wa milimita 3 au 4, kahawia iliyokolea, umbo la mcheduara, kichwa kimejificha chini ya mabega kiasi kwamba ukimtazama kwa juu humwoni uso. Fukusi tuliyemzoea hutoboa punje na kuiacha na umbo lake. Dumuzi huisaga. Ukilishika hindi lililoshambuliwa linakuwa jepesi mkononi, na ukiligonga unamwagika unga mweupe kama wa mashine. Makopa ya muhogo anayafanya vibaya zaidi: katika majaribio ya miaka ile, muhogo mkavu ulipoteza zaidi ya nusu ya uzito wake kwa miezi minne. Wakulima wakampa jina la lori, Scania. Na Tabora si mbali na sisi. Reli imeiunganisha na Shinyanga na Mwanza tangu 1928, na mdudu wa ghalani husafiri na gunia.

Waliopima maghala wakati ule walichapisha matokeo mwaka 1983: wastani wa hasara asilimia 8.7, na palipozidi asilimia 34, tena ndani ya miezi michache tu. Mimi huziangalia tarakimu hizo mbili zikiwa pamoja. Tuseme una vihenge kumi. Tisa vimepoteza asilimia 4 kila kimoja, cha kumi kimepoteza 34. Wastani ni 7. Sasa aje mtu wa ofisini, mwenye nia njema kabisa, aseme hicho cha kumi si cha kawaida, kinaharibu picha, kitolewe. Wastani unarudi 4, uleule wa enzi za fukusi. Karatasi inapendeza, na dumuzi hayumo nchini.

Wala si tarakimu kubwa tu zilizokuwa zikikatwa. Kipimo chetu kilikuwa na kituko ambacho kila mhesabu punje anakijua: mara nyingine hasara inatoka chini ya sifuri, kana kwamba mahindi yameongezeka uzito kwa kuliwa. Si uchawi. Wadudu huchagua punje nene, kwa hiyo fungu la zilizotobolewa huweza kuwa zito kuliko fungu la nzima hata baada ya kuliwa. Wengine wakiona alama ya kutoa hufuta au huandika sifuri. Ukifanya hivyo upande mmoja, ukaacha zile zilizokosea kwenda juu, umeupandisha wastani bila mtu kukuona.

Na kwa dumuzi kosa lilikwenda upande mwingine pia. Unahesabu punje nzima na punje zilizotobolewa; punje iliyokwisha kuwa unga utaihesabu vipi? Haimo kwenye fungu lolote. Kadiri hindi lilivyoharibika zaidi, ndivyo kipimo kilivyozidi kulisamehe. Ikabidi tuhesabu na nafasi tupu kwenye gunzi, safu kwa safu, kwa ncha ya penseli.

Mpwa wangu anafanya kazi kwenye maabara ya dhahabu upande wa Geita, na tukikutana misibani hubishana nami. Kwao kukata tarakimu ya juu ni utaratibu. Sampuli moja ikidondokewa na chembe nene ya dhahabu itasoma gramu nyingi ajabu kwa tani, na ukiiacha hivyo utaamini mlima mzima ni tajiri. Kwa hiyo hushushwa hadi kikomo kilichokubaliwa. Namwelewa. Hata kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, ambako tani 100 za mwamba hutoa karati chache tu, hakuna mwenye akili ambaye angepanga mapato ya mwaka kwa kulitegemea lile jiwe la waridi la mwaka 1947, karati 54.5, alilopewa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Ila nilimwambia: "Mjomba, chembe yako haizaliani."

Hiyo ndiyo tofauti. Dhahabu iliyozidi itabaki peke yake ndani ya mwamba wake. Kihenge kilichozidi mwaka huu kina majirani, na mwakani wao ndio watakuwa wastani. Mwaka 1983 dumuzi alikwisha kuonekana Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya.

Tulichofanya baadaye wengi wanakikumbuka: pukuchua mapema, changanya na dawa ya vumbi, Actellic Super, weka kwenye magunia. Kihenge cha mahindi ya gunzi kikaanza kupotea nyuani. Sikioni mara nyingi siku hizi, labda kwa wenye mtama.

Sasa kuna vihenge vya chuma, na ndani yake zinaning'inizwa nyaya za kupima joto. Kijana mmoja wa kazi hiyo alinionyesha mchoro kwenye kompyuta. "Shikamoo mzee, karibu uone." Nyaya zote zimelala sawa, mmoja umepanda juu peke yake. Akaniambia programu inaweza kuwekwa iruke usomaji ulio mbali na wa nyaya nyingine, ili mchoro usirukeruke. Joto la sehemu moja kwenye nafaka ni unyevu au wadudu, au ni waya mbovu. Mezani huwezi kujua. Nikamuuliza yeye hufanyaje.

"Napanda na bambo kwanza, mzee. Nikichota nikakuta nafaka baridi, kavu, naandika waya mbovu ndipo nautoa."

"Na namba yake unaiacha kwenye daftari?"

"Naiacha. Naandika na nilichokikuta, mstari huohuo."