Hisa za mathe za 2008

Juzi nikipanga makaratasi ya mathe niliokota fomu yake ya akaunti ya CDS, ya 2008. Nikamuuliza. Akacheka: "Hizo ni zile za Safaricom, wacha tu."

Zangu zikakwama hapo. Hisa zilizouzwa shilingi 5, na 2021 zikapita 40, mtu anaachaje tu? Nikaanza kusoma. (Chuo niliacha, kusoma sijaacha, msinicheke.)

Stori inaanzia 2006. Serikali iliuza hisa za KenGen kwa shilingi 11.90, na zilipofika sokoni bei ikaruka zaidi ya mara mbili. Kila mtaa ukawa na mtu anayejua mtu aliyeomoka. Kwa hivyo Safaricom ilipokuja 2008, nchi ikiwa imetoka tu kwa vurugu za uchaguzi, wasee walipiga foleni kwa mabroka na pesa za mkopo mkononi.

Sasa angalia hesabu. KenGen iliuza hisa ambazo hazikufika bilioni moja. Safaricom iliuza bilioni 10, robo ya kampuni. Hiyo namba ilikuwa imeandikwa wazi kwa kitabu cha mauzo. Kama wote wananunua ili wauze wiki ya kwanza, nani atabaki kununua? Halafu walioomba walizidi hisa zenyewe mara kadhaa, kwa hivyo ukapewa kipande tu na pesa zingine zikarudi baadaye. Riba nayo ilikuwa inahesabiwa kwa mkopo mzima. Juni bei ikapita 7 kidogo. Huko Marekani mabenki yakaanza kuanguka, wawekezaji wa nje wakatoka, na kabla mwaka uishe hisa ilikuwa chini ya 5.

Mathe alikuwa amekopa 30,000 chamani. Kampuni haikumkosea, hata biashara yake ilikuwa inakua. Chama ndicho hakingeweza kungoja, kwa hivyo akauza kwa hasara akalipe.

Mimi saa hii nasoma ripoti za mwaka za kampuni, ziko bure mtandaoni, na nimenunua hisa zangu za kwanza. Nilimwonyesha kwa simu. Akaangalia, akauliza, "Ni pesa ya ziada ama ni ya nyumba?"

Nikamwambia ya ziada. Nusu yake ilikuwa ya nyumba.