Namba ya Mersenne ya 67: Kati ya Kauli na Uthibitisho

Katika historia ya elimu ya hesabu, kauli ya mwanachuoni mashuhuri imepata mara nyingi kupokewa kabla ya kupimwa. Mfano bora ni namba yenye tarakimu 21, yaani 147 573 952 589 676 412 927. Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 67, ikitolewa 1.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alitoa kitabu chake *Cogitata Physico-Mathematica*. Humo alidai kwamba, hadi kipeo cha 257, vipo vipeo 11 tu vya 2 ambavyo, baada ya kutoa 1, huleta namba tasa, yaani namba isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kipeo cha 67 kilikuwa miongoni mwao. Hata hivyo, ilikwisha kujulikana kwamba haitoshi kipeo chenyewe kuwa tasa: kipeo cha 11 huleta 2 047, ambayo ni 23 mara 89. Kwa 67 Mersenne hakuonyesha uthibitisho, na ukubwa wa namba ukawazuia wengine kumpinga.

Miaka 232 ilipita. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwamba namba hiyo si tasa. Ajabu ya njia yake ni kwamba haikutafuta vigawo. Ilichunguza mabaki ya mfululizo wa hesabu tu. Basi ikajulikana kuwa vigawo vipo, lakini hakuna aliyeweza kuvitaja.

Aliyevitaja ni Mmarekani Frank Nelson Cole, tarehe 31 Oktoba 1903, mjini New York, katika mkutano wa chama cha wanahesabu wa Marekani. Kwa masimulizi ya E. T. Bell, yaliyochapwa miaka mingi baadaye, Cole hakusema neno. Upande mmoja wa ubao alikokotoa kipeo na kutoa 1. Upande wa pili alizidisha 193 707 721 kwa 761 838 257 287. Majibu yakalingana, naye akarudi kuketi huku akishangiliwa. Bell anaongeza kwamba kazi hiyo ilimchukua Cole Jumapili za miaka mitatu.

Orodha ya Mersenne ilimalizwa kusahihishwa mwaka 1947: 67 na 257 zilikuwa zimeingizwa kwa makosa, na 61, 89 na 107 zilikuwa zimeachwa.

Kuzidisha ni kazi ya dakika chache; kurudi nyuma kutoka zao hadi vigawo vyake kwaweza kula miaka. Juu ya tofauti hiyo Rivest, Shamir na Adleman walijenga, mwaka 1977, njia yao ya kuficha ujumbe. Ugumu uliolinda kosa la Mersenne ndio huo huo uliogeuzwa kuwa kufuli la siri.