Ctrl na C: nani aliamua herufi hii inakili?

Anayejifunza kompyuta kwa mara ya kwanza, iwe kwenye chumba cha kuchapia barua pale sokoni au kwenye maabara ya shule ya kata, huonyeshwa mapema sana mambo matatu. Shika Ctrl ubonyeze C, maneno yamenakiliwa. X inakata. V inabandika. Ni amri zile zile unazoziona kwenye simu yako ukigandamiza neno kwa muda: Kata, Nakili, Bandika. Mwanafunzi huyo akipata kibarua mji mwingine, kwenye kompyuta nyingine yenye programu nyingine, vidole vyake tayari vinajua pa kwenda.

Wengi hudhani kuna sheria ya kimataifa inayolazimisha jambo hili. Hakuna. Makubaliano yalikuja polepole, kwa kuigana, kwa ushindani wa kampuni, na mara moja kwa kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Katika miaka ya 1980 kila programu ilikuwa na mila zake. WordPerfect, programu ya kuandika iliyotawala maofisini, ilitumia F3 kuomba msaada, F1 kughairi, F7 kutoka na F10 kuhifadhi. Lotus 1-2-3, iliyotumika kwa mahesabu, ilitumia F1 kuomba msaada, na menyu yake ilifunguliwa kwa alama ya mkwaju. WordPerfect ilikuwa na kipande chake cha karatasi ngumu cha kuwekwa juu ya kibodi ili mtu akumbuke kila kitufe kinafanya nini. Karani aliyeimudu kwa miaka mitano, akihamishiwa programu nyingine, alirudi kuwa mwanafunzi, na huenda akalipia mafunzo upya. Hapo ndipo penye uzito wa suala hili: ujuzi uliomgharimu mtu muda na pesa, je, ni wake, au umefungwa ndani ya bidhaa ya kampuni moja?

Wazo la kukata, kunakili na kubandika kama tunavyolijua lilitengenezwa katikati ya miaka ya 1970 na Larry Tesler na Tim Mott, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California. Baadaye Tesler alihamia Apple, na kompyuta ya Lisa iliyotoka mwaka 1983 ikaja na herufi nne zilizopangana chini kushoto mwa kibodi: Z kutendua, X kukata, C kunakili, V kubandika. Tazama kibodi yoyote ya Kiingereza utaziona zimekaa jirani. X ni kama alama ya kufuta neno. C ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la kunakili. V inafanana na ile alama ambayo mwalimu huchora kuonyesha mahali neno lililosahaulika liingizwe, ila imegeuzwa juu chini. Macintosh ya mwaka 1984 ikazifuata herufi hizo hizo.

IBM nao walikuja na mpango wao. Mwaka 1987 walitoa mwongozo wa kanuni ili programu zote zifanane, ya kampuni yoyote ile. Ndani yake kulikuwa na F1 kwa msaada, na Alt na F4 kwa kufunga dirisha, ambazo bado tunazitumia. Lakini kunakili kulikuwa Ctrl na Insert, kubandika Shift na Insert, kukata Shift na Delete. Windows za mwanzo zilifuata njia hii ya IBM. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Microsoft wakaingiza herufi za Apple, ila kwa kitufe cha Ctrl. Kwa maoni yetu haikuwa ajabu: Excel yenyewe ilitoka kwanza kwenye Macintosh mwaka 1985, kwa hiyo walikuwapo watu waliokwisha kuzoea. Vile vya IBM havikufutwa. Ukikutana na kompyuta ya Windows ambayo kitufe chake cha C kimekufa, jaribu Ctrl na Insert. Katika programu nyingi bado inafanya kazi.

Sasa ile kesi. Kampuni ya Borland ilitengeneza Quattro Pro, programu ya mahesabu, na ikaweka ndani yake mpangilio wa amri za Lotus 1-2-3, ili mteja anayehama asilazimike kujifunza upya wala kuandika upya mifululizo ya amri alizojitungia. Lotus wakashtaki mwaka 1990 wakisema mpangilio ule ni mali yao. Mahakama ya kwanza ilikubaliana nao. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa mjini Boston ikapindua: menyu ya amri ni namna ya kuendesha chombo, kama vitufe vya mashine ya kurekodi video, na hakimiliki hailindi namna ya kuendesha. Januari 1996 majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika wanne kwa wanne, hivyo hukumu ya rufaa ikabaki. Fikiria kama Lotus wangeshinda. Kila aliyetaka kuiga amri ambazo watu wameshazizoea angehofia kushtakiwa, na kila bidhaa mpya ingekuwa darasa jipya.

Kuna mahali ambapo Ctrl na C ina kazi ya zamani zaidi. Kwenye dirisha la amri la Linux au Unix, inasimamisha programu inayoendelea. Anayedhani ananakili maneno anaweza kukatiza kazi ya saa nzima. Hii ni kwa sababu Ctrl ilianza kama kitufe cha kutuma ishara kwenye mashine za kuchapa kwa mbali, ambako Ctrl na G iligonga kengele. Ndiyo maana kwenye Linux dirisha hilo kwa kawaida hunakili kwa kuongeza Shift: Ctrl, Shift na C. Watumiaji wa Macintosh hawana tatizo hilo, kwani amri zao zina kitufe chao cha pekee na Ctrl ikaachiwa kazi yake ya kale. Tunaona Apple walibahatisha vizuri hapo.

Lugha nayo inaleta yake. Word ya Kifaransa, ambayo wasikilizaji wetu wa Kongo na Burundi wanaweza kukutana nayo, hukoleza maandishi kwa Ctrl na G badala ya B. Kwenye kibodi ya Kifaransa, Z imepanda mstari wa juu, hivyo kidole cha kutendua kinasafiri. Word ya Kihispania huhifadhi kwa Ctrl na G. Mtu akibadili lugha ya programu, amebadilishiwa pia vidole.

Na Kiswahili je? Mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, iliyotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo swali si la kufikirika. Tukifuata herufi zetu, N ingekuwa ya Nakili, lakini N ndiyo inayofungua hati mpya. C ingekuwa ya Chapisha, na ukitaka kunakili aya moja, printa ingeanza kutema karatasi. Sisi tunaona maneno ya menyu yawe Kiswahili, herufi zibaki zilipo. Kijana wa Masasi ataufikisha ujuzi wake popote.

Kutokubaliana bado kupo. Kurudia ulichokitendua ni Ctrl na Y katika programu nyingi za Windows, lakini nyingine hutaka Ctrl, Shift na Z. Ctrl na B hukoleza maandishi katika Word, ilhali katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, huweka alama kwenye rekodi. Ukiwa na shaka fungua menyu: kwa kawaida mkato umeandikwa kando ya kila amri. Na kama huna kompyuta, kibodi ya kawaida ikiunganishwa na simu ya Android, kwa waya unaofaa au kwa Bluetooth, Ctrl na C itanakili pale pale.