Uso Uliopotea Kwenye Riso: Historia ya Kuhariri Picha, Kuanzia Kanduyi

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za wateja zimenifunga. Juzi nilikuwa napanga masanduku nyumbani nikakuta jarida la shule la mwaka 2006, kurasa 24, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Nililisahau kabisa. Nilipofika ukurasa wa tisa nikakaa chini, kwa sababu picha iliyo pale ndiyo iliyonifundisha karibu kila kitu ninachokijua kuhusu kuhariri picha kwa tarakilishi. Leo nataka kuwapa historia yake, na historia ya vyombo tulivyotumia.

Mwaka huo nilikuwa ndio nimeanza kuandika programu, naishi hapa Kanduyi karibu na njia panda. Shule moja ya jirani ikaniomba nisaidie klabu ya wanahabari watengeneze jarida la kufunga mwaka. Bajeti yao ilikuwa ya kuchekesha. Tulikuwa na tarakilishi moja ya Pentium III, skana ya kuazima, na GIMP 2.2 iliyokuja na CD ya Ubuntu (mnakumbuka zile CD zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta? Ziliisha mwaka 2011). Kuchapisha kungefanyika mjini Bungoma kwa riso, nakala 200.

Ukurasa wa tisa ulikuwa wa mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefariki mwezi wa nne kwa malaria. Mama yake alikuwa na picha yake moja tu ya utu uzima, iliyopigwa Siku ya Wazazi na mpiga picha wa kutembea. Jua la saa sita, msichana yuko chini ya mti, shati jeupe limemeta. Mama alituachia ile picha ndani ya bahasha, akasema anachotaka ni nakala moja ya jarida.

Tukaiskani, tukaiweka, nikapanda bodaboda (ya baiskeli wakati huo) hadi mjini. Nakala ya kwanza ilipotoka nikaishiwa maneno. Shati lilionekana. Meno yalionekana. Uso haukuwepo, palikuwa na doa jeusi tititi. Fundi wa riso akanitazama kama mtu aliyezoea: "Picha za watu hutoka hivyo, boss. Weka maua."

Basi swali ni hili: kwa nini hutoka hivyo?

Tuanze na mashine yenyewe. Risograph ni ya kampuni ya Riso Kagaku ya Japani, iliyoanza kuziuza miaka ya 1980. Ukiitazama kwa nje utadhani ni mashine ya fotokopi, lakini ndani ni stensili: karatasi nyembamba hutobolewa vitundu vidogo sana kwa joto, huzungushiwa pipa lenye wino, na wino hupenya kwenye vile vitundu hadi kwenye karatasi. Ndiyo maana shule zinaipenda kwa mitihani. Ukishatoboa stensili moja, nakala mia mbili hugharimu kidogo sana.

Lakini kitundu ama kipo, ama hakipo. Hakuna kitundu cha kijivu. Mashine ina nyeusi na nyeupe ya karatasi, basi. Kijivu chochote unachokiona ni udanganyifu wa nukta: nukta nyingi zikikaribiana jicho huona giza, zikiachana jicho huona mwanga.

Udanganyifu huu ni wa zamani. William Fox Talbot wa Uingereza alikuwa ameshaandikisha wazo la kuvunja picha kwa kitambaa cha wavu mwaka 1852. Tarehe 4 Machi 1880 gazeti la Daily Graphic la New York likachapisha picha ya vibanda vya maskini kwa njia ya nukta, kazi ya Stephen Horgan. Miaka karibu mia baadaye watu wa tarakilishi wakakutana na tatizo lile lile. Mwaka 1976 Robert Floyd na Louis Steinberg walitoa kanuni ambayo bado naipenda kuliko kanuni nyingi za hesabu: ukilazimika kuifanya pikseli ya kijivu iwe nyeusi au nyeupe, umefanya kosa, basi ligawe hilo kosa kwa majirani wanne ambao hujawafikia bado. Mistari kumi ya msimbo, na picha inarudi.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Photoshop, ambayo watu wanaifikiria kama kiwanda cha warembo wa majarida, ilianza na tatizo la riso yetu! Mwaka 1987 Thomas Knoll alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Michigan, na Macintosh yake ilikuwa na skrini ya nyeusi na nyeupe tu. Akaandika programu ndogo ya kuonyesha picha za kijivu kwenye skrini isiyo na kijivu. Akaiita Display. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi ya sinema, akaiona na kuanza kudai vitu zaidi. Toleo la kwanza likauzwa na Adobe mwezi wa Februari 1990. GIMP nayo ni kazi ya wanafunzi: Spencer Kimball na Peter Mattis wa Berkeley, mwaka 1995. Niliwaambia vijana wa klabu hayo yote wakafurahi sana, lakini doa jeusi halikuondoka.

Tukafanya kile ambacho tungepaswa kufanya mwanzo: tukapima. Tulichora ngazi ya kijivu yenye vipande 16, kutoka nyeusi kamili (sifuri) hadi nyeupe kamili (255), nikaipeleka mjini ikachapishwa kwa riso ile ile na karatasi ile ile. Vipande vitano vya kwanza vilitoka vyote vyeusi, huwezi kuvitenganisha hata kwa lenzi. Sababu ni kwamba wino hulowa kwenye karatasi ya bei rahisi na kila nukta huvimba kidogo. Kwenye sehemu nyeupe uvimbe huo hauonekani. Kwenye sehemu ya giza, nafasi ndogo zilizobaki kati ya nukta hufungwa zote.

Kwa hiyo kwa mashine ile, chochote chini ya 80 hivi kilikuwa kitu kimoja. Nikarudi kwenye picha ya msichana nikaupima uso wake: kati ya 20 na 60. Uso mzima, paji, mashavu, macho, vyote vilikuwa ndani ya vile vipande vitano.

Jaribio la kwanza la kurekebisha nililifanya kwa pupa. Nikaivuta picha nzima iwe na mwanga, nikachapisha, uso ukaonekana vizuri. Nikaipeleka shuleni kwa kujigamba. Rafiki yake mmoja aliyekuwa akikaa naye dawati moja akaitazama sana, halafu akasema, "Mwalimu, huyu si yeye. Hakuwa mweupe hivi."

Wenzake wakanyamaza. Nami nikaona alikuwa sahihi. Nilikuwa nimempata kwa kumbadilisha.

Jioni hiyo nikaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio mjini tangu enzi za filamu za nyeusi na nyeupe. Nikamwonyesha. Mzee hakugusa tarakilishi maishani mwake, lakini alilijua tatizo kabla sijamaliza kueleza. "Mtu mweusi, kijana wangu, ukipiga kama kitabu kinavyosema unampoteza. Sisi tulikuwa tunamfungulia kidogo." Yaani alikuwa akiongeza mwanga unaoingia kwenye kamera kuliko kipimo kilivyosema. Kisha akanionyesha waya wenye kipande cha kadibodi kinachotoshana na shilingi ishirini. Kwenye chumba cha giza, taa ya kukuzia ikiwa imewaka, alikuwa akikichezesha juu ya karatasi palipo na uso, ili uso upate mwanga mdogo na usiungue kuwa mweusi. Ukitazama vyombo vya Photoshop na GIMP, kimoja cha kuangaza kina alama ya fimbo yenye duara mwishoni. Ni ule waya wa mzee! Nilikuwa nimekibonyeza mara mia bila kujua ni nini.

Na kile chombo kingine, kile chenye mstari unaoupinda kwa kipanya, nacho kina wazee wake. Ferdinand Hurter na Vero Driffield walifanya kazi kiwanda cha kemikali huko Widnes, Uingereza, na mwaka 1890 walichapisha utafiti uliopima kwa mara ya kwanza jinsi weusi wa negativu unavyoongezeka kadiri mwanga unavyoongezeka. Mchoro wao unafanana na herufi S iliyolala. Katikati umenyooka na kupanda, hapo kila tofauti ndogo ya mwanga inaonekana. Chini, sehemu ambayo wapiga picha huiita kidole cha mguu, umelala: tofauti zipo kwenye uso wa mtu lakini filamu haizioni. Anayekaa chini ya mti kwa jua la saa sita, akiwa na shati jeupe linalodanganya kamera ipunguze mwanga, uso wake unaangukia kwenye kile kidole. Mzee "alimfungulia" ili kuuinua uso hadi kwenye sehemu iliyonyooka.

Fizikia peke yake haina ubaguzi. Lakini nani alichagua kipimo cha "kawaida"? Maabara za rangi zilizotumia vifaa vya Kodak zilikuwa zikipokea kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na fundi alirekebisha mashine hadi ngozi ya mwanamke yule ikae sawa. Kadi ziliitwa Shirley, kwa jina la mwanamitindo wa kwanza. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliwahoji watu wa Kodak akaambiwa kwamba malalamiko yaliyosukuma filamu ione vizuri rangi za giza yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani. Chokoleti na meza za mbao! Kadi yenye watu wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Sisi wa kompyuta tusicheke. Tangu 1973 picha ya majaribio iliyotumika kuliko zote katika fani yetu ilikuwa ya Lena, iliyokatwa kutoka jarida la Playboy, na ilikuwa Aprili 2024 ndipo IEEE Computer Society ikaacha kuipokea kwenye makala zake.

Haya, turudi ukurasa wa tisa. Safari hii sikuiangaza picha nzima. Nilichukua ule mstari na kuufanya mkali sana mahali pamoja tu: kile kilichokuwa kati ya 20 na 60 kikaenda kati ya 75 na 135. Mboni, mashimo ya pua na mstari kati ya midomo vikabaki vyeusi kamili. Mng'ao wa jua kwenye shavu na paji ukajitenga. Msichana alibaki mweusi kama alivyokuwa, ila sasa weusi wake ulikuwa na umbo. Shati nililitia kijivu kidogo lisimshinde. Nukta tukazifanya kubwa, kwa sababu kubwa hazizibiki upesi. Tulichapisha vipande vya majaribio vinne (fundi wa riso alianza kunikimbia).

Pana mambo mawili yaliyobishaniwa. Kulikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na kijana mmoja alishajifunza kufuta chunusi, akataka kulifuta. Tukamuuliza mama. Akasema alianguka kisimani akiwa na miaka sita, liacheni. Likaachwa.

La pili lilikuwa gumu. Wenzake walitaka tumkate na kumweka ndani ya picha ya darasa iliyopigwa mwezi wa tisa, asimame nao. Kwa matabaka ya GIMP ni kazi ya nusu saa. Nikawaeleza habari za Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, mtu aliyejifunza mwenyewe na kufungua studio yake kule pwani. Alichanganya picha kwa mikono, kukata na kubandika, na kazi zake hazikumdanganya yeyote kwamba jambo lile lilitokea kweli. Aliyetazama alijua ametengenezewa kitu. Mzee wa studio naye alikuwa na njia yake: asiyekuwepo siku ya picha ya timu huwekwa kwenye duara pembeni juu, na kila mtu anaelewa. Vijana wakabishana karibu saa nzima, wakachagua duara.

Jarida lilitoka siku mbili kabla ya kufunga shule. Karatasi zilikuwa za Webuye, kutoka Pan Paper, kiwanda kilichofungwa mwaka 2009. Mama alikuja mwenyewe kuchukua nakala yake. Akaomba ya pili ya nyanya, tukampa tatu.

Faili la GIMP nililihifadhi kwenye CD. Juzi nimeijaribu kwenye mashine mbili, haisomeki. Hii nakala ya riso nimeiskani upya, na kama kuna mtu Bungoma au Kitale mwenye skana nzuri kuliko yangu, tafadhali anitafute, kwa sababu yangu inaweka mistari juu ya lile duara.