Taa za onyo za breki na uthabiti wa gari

Taa za onyo za breki na uthabiti ni taa ndogo za dashibodi zinazomjulisha dereva hali ya breki za gari, mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga (ABS) na mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari (ESC). Kwa kawaida ni tatu: taa nyekundu ya breki, taa ya njano ya ABS, na taa ya njano yenye mchoro wa gari linaloteleza. Taa hizi hazitaji kifaa kilichoharibika. Zinaonyesha tu ni mfumo upi uliojigundua kuwa na kasoro, na chanzo chake hutafutwa kwa kukagua, kupima na kusoma misimbo.

Maarifa haya yana umuhimu wa pekee katika maeneo yenye miteremko mirefu, kama Milima ya Upare katika Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, ambako gari linaloshuka kuelekea Ndungu hutegemea breki kwa muda mrefu bila kupumzika.

Historia

Kifaa cha kuzuia magurudumu kujifunga kilitumika kwanza katika ndege. Mwaka 1966 gari la Kiingereza Jensen FF lilitumia kifaa cha aina hiyo kilichoitwa Maxaret. ABS ya kielektroniki ya magurudumu manne ya kampuni ya Bosch iliingia sokoni mwaka 1978, katika Mercedes-Benz S-Class.

Udhibiti wa uthabiti ulifuata mwaka 1995, pia katika Mercedes-Benz. Mwaka 1997 gari dogo la Mercedes-Benz A-Class lilipinduka nchini Uswidi katika jaribio la kukwepa kizuizi ghafla, na baada ya hapo kampuni ilifunga mfumo huo katika magari yote ya aina hiyo. Marekani iliufanya kuwa lazima kwa magari madogo mapya kuanzia matoleo ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014.

Majina hutofautiana kati ya watengenezaji. Toyota huuita VSC, Honda VSA, Nissan na Subaru VDC, BMW DSC, na Mercedes-Benz na Volkswagen ESP. Kazi yake ni ile ile.

Jinsi mifumo inavyotegemeana

Breki za kawaida hufanya kazi kwa mgandamizo wa mafuta. Dereva akikanyaga pedeli, masta silinda husukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu, na pedi hubana diski.

ABS huongeza sensa ya mwendo katika kila gurudumu, kompyuta, pampu na vali. Gurudumu moja likianza kusimama kabla ya mengine, kompyuta hupunguza mgandamizo wake kwa muda mfupi sana na kuurudisha, ili usukani uendelee kutii.

ESC hutumia vifaa hivyo hivyo vya ABS, pamoja na sensa ya pembe ya usukani na sensa inayopima jinsi gari linavyozunguka na kusukumwa pembeni. Gari likielekea kwingine kuliko usukani ulikogeuzwa, mfumo hubana breki ya gurudumu moja na kupunguza nguvu ya injini.

Kwa sababu hiyo, ABS ikiharibika ESC nayo huzimika, na taa mbili huwaka kwa kosa moja. Kinyume chake si lazima: sensa ya usukani ikiharibika, mara nyingi ABS hubaki nzima.

Ukaguzi wa kwanza: ufunguo

Funguo ukizungushwa bila kuwasha injini, taa zote za onyo huwaka, kisha taa za ABS na uthabiti huzimika baada ya sekunde chache. Hatua hii hujibu maswali mawili:

- Taa ikiwaka na kuzimika, mfumo umejikagua na haujaona kosa.
- Taa isipowaka kabisa, ama balbu imeungua, ama imeondolewa au kuzibwa kwa makusudi.

Jambo la pili hutokea katika biashara ya magari yaliyotumika. Muuzaji hung'oa balbu au kubandika utepe mweusi nyuma ya dashibodi, badala ya kutengeneza kosa. Mnunuzi anayesubiri taa iwake akiwa barabarani hataiona kamwe. Anayeitazama wakati wa kuzungusha ufunguo hugundua upungufu huo kabla ya kulipa.

Taa nyekundu ya breki

Taa hii ina duara lenye alama ya mshangao katikati. Ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa inahusu breki zenyewe. Vyanzo vyake hukaguliwa kwa mpangilio huu:

1. Breki ya mkono. Huenda haikuachiwa yote, au swichi yake imekwama.
2. Kiwango cha mafuta ya breki. Ndani ya chupa ya mafuta kuna swichi ya boya. Mafuta yakishuka chini ya alama ya chini, taa huwaka. Mwanzoni huwaka kwenye kona au mteremko tu, kwa sababu mafuta huegemea upande mmoja.
3. Pedi. Pedi zikiisha, pistoni hutoka zaidi na mafuta mengi hubaki kwenye magurudumu, hivyo kiwango hushuka bila kuvuja. Anayeongeza mafuta tu huizima taa na kuziacha pedi zimalizikie kwenye chuma.
4. Mvujo. Hutafutwa upande wa ndani wa tairi, kwenye mipira ya breki, kwenye mabomba na chini ya masta silinda.
5. Ugawaji wa mgandamizo. Taa nyekundu ikiwaka pamoja na ile ya ABS huku mafuta yakiwa kamili, mara nyingi mfumo unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma umezimika. Magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kwanza na gari kugeuka barabarani.

Pedeli nayo hutoa ushahidi. Pedeli inayonepa huashiria hewa kwenye mabomba. Inayozama polepole ikiwa imekanyagwa, bila mafuta kuvuja nje, huashiria masta silinda iliyochoka ndani. Iliyo ngumu kama jiwe huashiria hitilafu ya busta ya breki.

Gari lenye taa nyekundu isiyozimika baada ya breki ya mkono kuachiwa halipaswi kuendelea na safari, hata kama breki zinaonekana kushika. Katika magari ya haibridi kama Toyota Prius tahadhari huwa kubwa zaidi, kwa kuwa nguvu ya breki hutegemea pia pampu ya umeme.

Taa ya ABS

Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida hubaki, lakini magurudumu yanaweza kujifunga dereva akikanyaga kwa nguvu kwenye changarawe au tope. Vyanzo vya kawaida ni hivi:

- Waya wa sensa ya gurudumu kukatika au kuchubuka. Hupita karibu na tairi na kupigwa na mawe.
- Vumbi la chuma, kutu au tope kwenye ncha ya sensa.
- Pete yenye meno kupasuka au kupoteza jino.
- Beringi iliyofungwa kinyume. Katika magari mengi ya sasa pete ya sumaku imo upande mmoja wa beringi. Fundi akiigeuza, gurudumu huzunguka vizuri lakini sensa haioni kitu. Taa iliyowaka mara tu baada ya kubadilisha beringi huelekeza hapo.
- Tairi zenye ukubwa tofauti. Tairi ndogo huzunguka haraka kuliko nyingine, na kompyuta hudhani kuna kosa.
- Betri dhaifu, fyuzi iliyoungua au rilei mbovu.

Sensa za zamani zenye nyaya mbili na koili hupimwa kwa mita ya umeme. Nyingi huwa na ukinzani wa takriban omu 800 hadi 2,000, na zile za ekseli moja hulinganishwa. Sensa za kisasa zenye saketi ndani hazipimwi hivyo. Hukaguliwa kwa kutazama mwendo wa kila gurudumu kwenye mashine huku gari likitembea polepole.

Taa ya uthabiti

Taa hii ikimetameta wakati gari linateleza, mfumo unafanya kazi na dereva anapaswa kupunguza mwendo. Ikiwaka mfululizo, kuna kosa. Neno OFF kando yake kwa kawaida humaanisha kuwa mfumo umezimwa kwa swichi.

Vyanzo ni pamoja na sensa ya usukani iliyopoteza sifuri yake baada ya kunyoosha magurudumu au kutoa betri, swichi ya taa za breki iliyoharibika, na kasoro ya ABS. Katika magari mengi ya Toyota, kosa la injini huwasha pia taa ya VSC, kwa kuwa mfumo hauwezi tena kuitegemea injini kupunguza nguvu. Hapo kubadilisha sensa za breki ni kupoteza fedha. Injini hutengenezwa kwanza.

Kusoma misimbo

Misimbo ya breki huanza na herufi C. Vifaa vingi vya bei nafuu husoma misimbo ya injini tu, inayoanza na P, na huonyesha kuwa gari halina kosa ilhali taa ya ABS inawaka.

Katika Toyota nyingi misimbo husomwa kwa kuunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, kisha kuhesabu mimeto ya taa. Namba 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia na 34 nyuma kushoto. Tundu la 16 lina umeme wa betri, hivyo kukosea tundu kunaweza kuharibu kompyuta.

Msimbo hutaja saketi, haumaanishi moja kwa moja kuwa sensa imekufa. Waya, soketi na pete hukaguliwa kabla ya kununua kifaa kipya.

Mazingira ya Ndungu na Milima ya Upare

Ndungu iko kwenye tambarare ya mashariki ya Milima ya Upare ya Kusini, kwenye barabara inayotoka Same kupitia Kisiwani na Gonja kuelekea Kihurio na Mkomazi. Eneo hilo linajulikana kwa kilimo cha mpunga cha umwagiliaji. Juu yake safu ya milima hupanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Vumbi na mawe ya kiangazi hushambulia nyaya za sensa, na tope la masika hugandamana kwenye pete.

Hatari kubwa zaidi ni joto. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 1,000 za wima hupoteza nishati ya takriban megajuli 15, inayotosha kuchemsha karibu lita 45 za maji ya uvuguvugu wa kawaida. Dereva akitumia breki peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo huingia kwenye diski na pedi.

Mafuta mapya ya breki ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 kuanzia 230. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa, na yakishafyonza, viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hugandamizika, na pedeli hufika chini bila gari kusimama. Katika hali hii huenda taa yoyote isiwake, kwa kuwa kiwango cha mafuta hakijashuka na sensa zote ni nzima. Taa zilizozima si uthibitisho kwamba breki ni salama.

Kwa hiyo gari hushushwa kwa gia ndogo, kwa kawaida ile ambayo lingepandia mlima huo; gari la gia otomatiki huwekwa kwenye 2 au L. Harufu ya kuungua au pedeli inayorefuka ni ishara ya kusimama na kusubiri breki zipoe. Diski zenye moto hazimwagiwi maji, kwani zinaweza kupinda au kupasuka. Watengenezaji wengi hupendekeza mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na kamwe yasichanganywe na oili ya injini, ambayo huvimbisha mipira yote ya mfumo.

Tazama pia

- Breki
- Gari
- Usalama barabarani
- Milima ya Upare
- Wilaya ya Same