Jiko Moja, Funguo za Wachache: Tabaka katika Historia ya Masikh

Guru Nanak (1469–1539), mwasisi wa dini ya Masikh, ambao Afrika Mashariki tumezoea kuwaita Makalasinga, alizaliwa Punjab katika jamii iliyompangia mtu kazi, ndoa na hata kisima kwa kuangalia tabaka la wazazi wake. Yeye na Maguru waliomrithi walilipinga tabaka kwa chakula. Katika langar, jiko la gurdwara (nyumba ya ibada ya Masikh), kila ajaye huketi sakafuni safu moja na wenzake na kula kilichopikwa chungu kimoja. Kwa mtu aliyelelewa akiamini kwamba chakula kilichoguswa na fundi ngozi ni najisi, hilo halikuwa jambo dogo.

Imani hiyo ya usawa iliingia pia kitabuni. Mwaka 1604 Guru Arjan, alipokusanya maandiko matakatifu, alizijumuisha tungo za Ravidas fundi ngozi, Kabir mfumaji na Sadhna mchinjaji. Na mwaka 1699, Guru Gobind Singh alipounda udugu wa Khalsa mjini Anandpur, miongoni mwa watano wa kwanza kuingia walikuwamo kinyozi na mchota maji.

Ardhi, hata hivyo, ilifuata kanuni nyingine. Mashamba ya Punjab yalikuwa hasa mikononi mwa Wajat, wakulima ambao ndio wengi kati ya Masikh. Waingereza waliukaza mpango huo. Sheria yao ya mwaka 1900 ilizuia ardhi ya jamii zilizoorodheshwa kuwa za wakulima isiuzwe kwa wengine, na Wamazhabi, Masikh wenye asili ya wafagiaji, wakazidi kubanwa kwenye kibarua. Jeshini nako waliwekwa katika vikosi vyao peke yao.

Ubaguzi ukafika mpaka madhabahuni. Katika Hekalu la Dhahabu, Amritsar, makuhani walikuwa wakikataa halua ya sadaka iliyoletwa na watu wa tabaka la chini. Tarehe 12 Oktoba 1920, waongofu wapya wa matabaka hayo walikwenda hekaluni wakiwa na wanamageuzi, baadhi yao walimu wa Chuo cha Khalsa. Makuhani wakagoma. Kitabu kitakatifu kikafunuliwa ili kitoe uamuzi, na aya iliyosomwa ikawapa haki wageni. Sadaka yao ikapokewa. Walipoelekea Akal Takht, makao makuu ya mamlaka ya dini yaliyo jirani, makuhani wa huko walikuwa wamekwishakimbia. Mwezi uliofuata iliundwa SGPC, kamati ambayo sheria ya mwaka 1925 iliikabidhi gurdwara za Punjab. Hivyo chombo kikuu cha Masikh kilizaliwa katika mgogoro wa tabaka, lakini uongozi wake kwa sehemu kubwa umeshikwa na Wajat.

Kwetu pia historia hii ina tawi. Reli ya Uganda iliwaleta Waramgarhia, Masikh wa ukoo wa maseremala na wahunzi, ambao Punjab walihesabiwa chini ya Wajat. Hapa ufundi uliwapa kipato na heshima, nao wakajenga gurdwara zenye jina lao. Wengi walipohamia Uingereza miaka ya 1960 na 1970, walianzisha huko nako gurdwara za Waramgarhia.

Waliobaki chini kabisa walidai zaidi. Mwaka 2003, kijijini Talhan, Punjab, Wadalit, yaani watu wa matabaka ya chini kabisa, na Wajat waligombana kuhusu nafasi katika kamati ya mahali patakatifu penye mapato makubwa. Mwaka 2009 kiongozi wa wafuasi wa Ravidas, Sant Ramanand, aliuawa kwa risasi hekaluni Vienna. Mwaka uliofuata sehemu ya wafuasi hao ilitangaza dini yake, yenye kitabu chake.

Kanuni rasmi ya maisha ya Kisikh inaagiza ndoa zisiangalie tabaka, lakini matangazo ya kutafuta wachumba bado hulitaja. Langar ilifanikiwa kwa sababu haikumgharimu mwenye shamba shamba lake. Tabaka limeng'ang'ania pale ambapo usawa ungemtoa mtu kitu: ardhi, kiti cha kamati, binti wa kuozesha.