Namba ya Reynolds na Maji ya Mlima Kenya

Mito ya Kathita, Thuci na Rupingazi huteremka kutoka Mlima Kenya, ikaipasua nchi ya Meru na Embu, na mwisho wake maji yote huingia katika mto Tana. Kwa kuwa nchi yenyewe imeinama, mkulima wa huko aweza kupata maji bila mashine. Zamani alichimba mfereji. Siku hizi watu huungana, wakayakinga maji mtoni huko juu na kuyaleta kwa bomba, na uzito wa maji wenyewe ndio uyasukumao. Lakini katika kazi za namna hii huzuka ugomvi: walio juu wakifungulia maji, aliye mwisho wa bomba hupata matone tu. Mara hushukiwa wizi, mara hulaumiwa fundi. Huenda shutuma zote mbili ni za kweli. Lakini hata pasipo mwizi, na fundi akiwa hodari, shida hiyo ingekuwapo. Sababu yake ilifichika kwa wataalamu wa Ulaya kwa muda wa miaka arobaini hivi.

Katika miaka ya 1840 daktari mmoja Mfaransa, Poiseuille, aliyetaka kujua jinsi damu ipitavyo mishipani, alipitisha maji katika neli za kioo nyembamba mno. Akaona kwamba ukitaka maji yapite mara mbili, yatosha kuongeza msukumo mara mbili. Mwaka 1857 Mfaransa mwenziwe, Darcy, mhandisi aliyeuletea mji wa Dijon maji, akatangaza vipimo vyake vya mabomba makubwa. Kwake mambo yalikuwa mengine kabisa: maji mara mbili yalidai msukumo karibu mara nne. Wote wawili walikuwa wapimaji waangalifu. Nani basi asadikiwe?

Jibu lilitoka Manchester, Uingereza, mwaka 1883. Osborne Reynolds, mzaliwa wa Belfast na profesa wa uhandisi, alitengeneza tangi lenye kuta za kioo, na ndani yake akalaza neli ya kioo yenye mdomo mpana kama tarumbeta. Maji yalipokwisha kutulia, alifungua koki kidogo kidogo, huku akiingiza nelini uzi mwembamba wa maji ya rangi. Mwendo ulipokuwa wa polepole, uzi ule ulinyooka neli nzima bila kutikisika. Alipozidisha mwendo, ghafula uzi ukatetemeka, ukakatika, na rangi ikaenea kote. Kwa jicho tupu ilikuwa kama ukungu. Lakini alipoumulika kwa cheche ya umeme, aliona mizunguko midogo midogo ya maji, kila mmoja ukiwa na umbo lake. Akabadili upana wa neli, akabadili joto la maji, hata akagundua kwamba kinachoamua si mwendo peke yake. Zidisha mwendo kwa upana wa bomba na kwa densiti ya maji, kisha gawanya kwa mnato wake. Hesabu hiyo ndiyo iliyoitwa Namba ya Reynolds, jina ililopewa na Mjerumani Sommerfeld mwaka 1908.

Maana yake ni mashindano ya nguvu mbili. Ya kwanza ni inesha, yaani ule ukaidi wa maji yaendayo, ambayo hayataki kusimama wala kupinda. Ya pili ni mnato, ambao hulifanya kila tabaka la maji limshike jirani yake na kumtuliza. Mtu wa Mbeere au Tharaka amiminapo asali kutoka kibuyuni huona ushindi wa mnato: asali hushuka kama kamba laini, na namba yake haifiki hata 1. Ndani ya bomba, namba isipofika 2,000 hivi, kila msukosuko uzukao huuawa na mnato. Ikipita 4,000, kwa kawaida mchafuko hutawala. Poiseuille alikuwa upande huu, Darcy upande ule, na kila mmoja alipima kweli.

Sasa tuyahesabu maji ya mlimani. Katika bomba lenye upana wa sentimita 5, maji baridi yaendayo mita 1 kwa sekunde yana namba ya karibu 40,000. Hapo pana mchafuko mtupu, na sheria ni ile ya Darcy. Wa juu wakitumia maji mara mbili, bomba kuu hula msukumo karibu mara nne, na mwinamo wa nchi hauongezeki ili kulipa deni hilo. Anayelilipa ni yule wa mwisho. Tena, kipande cha bomba cha nusu ya upana, kiungwacho ili kuokoa fedha, hula msukumo kama mara 30 kwa maji yale yale.

Lakini mchafuko huo una kazi yake. Katika uwanda wa Mwea, uliokuwa sehemu ya wilaya ya Embu, mifereji ya kuleta maji ya Thiba na Nyamindi kwenye mpunga ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Mfereji wenye kina cha mita 1, maji yakienda nusu mita kwa sekunde, una namba ipitayo 500,000. Mizunguko yake huinua tope na kulichukua mbali. Mwendo ukilegea, mizunguko nayo hulegea, na mfereji huanza kujaa: mchanga hutangulia kuanguka, na udongo mwembamba husafiri mpaka majarubani, ambako maji husimama.